Ukikubali kwa Sababu Huna pa Kwenda: Ushindani wa Soko na Siri Zako Mtandaoni

Mapema Januari 2021 tangazo moja lilitokea kwenye simu za watumiaji wa WhatsApp karibu dunia nzima. Lilisema sera ya faragha inabadilika, na anayetaka kuendelea na huduma akubali kabla ya tarehe 8 Februari. Ungeweza kuahirisha. Kitufe cha kukataa hakikuwepo.

Shangazi yangu wa Tanga ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama 24. Wiki ile mwanawe alimshauri wahamie Signal, programu nyingine ya ujumbe, naye akaipakua siku hiyo hiyo na kuwatumia wenzake wote ujumbe. Sita wakamfuata. Waliobaki kila mmoja alikuwa na lake. Mmoja simu imejaa, haina nafasi hata ya picha. Mwingine anamsubiri mjukuu wake arudi kutoka shule, maana ndiye anayeyajua mambo hayo. Wa tatu akauliza swali ambalo sikulitegemea: kifurushi chake cha wiki ni cha WhatsApp tu, je, huko Signal kitafanya kazi? Kisingefanya. Kwa siku tisa michango ikawa inaandikwa sehemu mbili, risiti zinatumwa huku na kule, mpaka mama mmoja akadaiwa fedha aliyokwisha kulipa. Shangazi akarudi WhatsApp, akabonyeza kukubali. Nilipomuuliza akanijibu, "Sasa mwanangu ningefanyaje? Watu wako huku."

Sheria ya faragha ikimkuta shangazi itamuuliza kama alikubali, naye alikubali. Sheria ya ushindani ina swali jingine: ulikuwa na pa kwenda? Kwa miaka mingi maswali haya mawili yaliulizwa na ofisi mbili zisizosemezana, na kampuni kubwa za mtandao zilipita katikati yake bila kuguswa. Nataka nieleze jinsi maswali hayo yalivyokuja kukutana, kwa sababu mkutano huo unamhusu kila mwenye simu janja, kisha niseme mlango upi wa kubisha ukiona umeonewa.

Tuanze na sheria ya ushindani, ambayo wengi wetu tunaisikia kwenye habari za saruji, sukari na mafuta. Sheria hii haimkatazi mtu kuwa mkubwa. Aliyewashinda wenzake kwa bidhaa nzuri na bei nafuu, soko ni lake kwa haki. Inachokataza ni kula njama za bei, kununua mshindani ili soko libaki la mtu mmoja, na kutumia nguvu ya soko kumkandamiza mnunuzi ambaye hana duka la pili. Kipimo kilichozoeleka ni bei. Mwenye soko akipandisha bei na wateja wasiweze kumkimbia, wapelelezi wanajua pa kuanzia.

Sasa huduma ambayo hulipii shilingi utaipimaje? Ndipo kampuni za mtandao zilipojificha kwa muda mrefu. Bei ni sifuri, mteja ameumia wapi? Jibu ni kwamba unalipa kwa taarifa zako: namba yako, watu unaowajua, unapokwenda, unachotazama na kwa dakika ngapi. Taarifa hizo ndizo zinazotumika kuuzia matangazo. Kwa hiyo bei ya huduma ya bure hupanda pia. Hupandia ndani ya sera ya faragha, katika kurasa ambazo karibu hakuna anayezisoma. Jana walichukua namba ya simu, leo wanachukua namba na aina ya simu, kesho wataunganisha hayo na ulichofanya kwenye programu nyingine. Mfuko wako haujaguswa, lakini umelipa zaidi kwa huduma ile ile.

Hadithi ya WhatsApp inalionyesha jambo hili vizuri kuliko nyingine ninayoijua. Ilianzishwa mwaka 2009 na Jan Koum na Brian Acton, na kwa miaka kadhaa ilikuwa na bei ya wazi: dola 1 kwa mwaka, bila matangazo. Koum alizaliwa Ukraine enzi za Usovieti, mahali ambapo watu walijifunza kutosema mambo yao kwenye simu, na alikuwa akieleza hadharani kwamba malezi hayo ndiyo yaliyomfanya aithamini siri ya mtu. Watumiaji walikuwa wananunua kitu wanachokielewa. Unalipa kidogo, hufuatiliwi.

Februari 2014 Facebook ilitangaza kuinunua kwa dola bilioni 19. Wakati huo WhatsApp ilikuwa na watumiaji wapatao milioni 450 na mapato madogo mno, kiasi kwamba haikufikia kiwango cha mauzo kinacholazimisha muungano wa kampuni kukaguliwa na Umoja wa Ulaya. Vipimo vilikuwa vimewekwa kwa ajili ya viwanda. Vilihesabu fedha inayoingia, na havikujua kuhesabu watu. Shauri hilo lilifika Brussels kwa njia ya pembeni, kwa ombi la Facebook yenyewe, na Oktoba 2014 Kamisheni ya Ulaya ikaidhinisha ununuzi. Facebook ilikuwa imeiambia kwamba haiwezi kuunganisha kwa uhakika, kwa njia ya kompyuta, akaunti ya mtu ya Facebook na ile ya WhatsApp.

Katika uamuzi ule Kamisheni ilisema pia kwamba hofu ya faragha inayotokana na taarifa nyingi kukusanyika mikononi mwa kampuni moja si kazi ya sheria ya ushindani. Hilo, ilisema, ni la sheria ya kulinda taarifa. Kwa maoni yangu hapo ndipo kosa kubwa lilipofanyika, na lilifanywa na watu makini waliokuwa wakifuata mipaka ya kazi yao. Kila ofisi ilitazama kipande chake, na kitu chenyewe kikapita.

Agosti 2016 WhatsApp ikatangaza kwamba itaanza kuipa Facebook namba za watumiaji wake, kwa ajili ya matangazo na kupendekeza marafiki. Waliokuwepo tayari walipewa siku 30 za kujitoa kwenye sehemu ya matangazo. Waliojiunga baadaye hawakupewa nafasi hiyo. Mei 2017 Kamisheni ya Ulaya iliitoza Facebook faini ya euro milioni 110 kwa kuipa taarifa zisizo sahihi mwaka 2014, ikieleza kwamba uwezo wa kuunganisha akaunti ulikuwepo tangu wakati ule na wafanyakazi wa kampuni waliujua. Ununuzi wenyewe haukutenguliwa. Acton aliondoka mwaka huo, Koum akafuata mwaka 2018. Acton akachangia dola milioni 50 kuanzisha taasisi inayoendesha Signal, ile ile ambayo akina mama sita wa Tanga waliijaribu.

Hapa niweke sawa jambo moja, maana Januari 2021 uvumi ulikuwa mwingi. Sera mpya haikuipa kampuni ruhusa ya kusoma ujumbe unaomtumia ndugu yako. Tangu Aprili 2016 ujumbe wa WhatsApp husimbwa kutoka simu hadi simu, na njiani hausomeki. Kinachochukuliwa ni kilicho pembeni ya ujumbe: namba yako, aina ya simu, anwani yako ya intaneti, unavyoitumia huduma, mazungumzo na malipo yako na wafanyabiashara walioko humo. Watu wengine husikia hivyo wakapumua. Mimi nasema usipumue haraka. Mtu anayejua umempigia nani saa nane za usiku, umerudia mara ngapi, na asubuhi umeandikia hospitali gani, hahitaji kusikia ulichosema ili ajue nyumbani kwako kuna mgonjwa.

Ofisi zile mbili, ya faragha na ya ushindani, zilikutanishwa na Wajerumani. Mamlaka yao ya ushindani, iliyoko Bonn, ilifungua uchunguzi dhidi ya Facebook Machi 2016 na kutoa uamuzi tarehe 6 Februari 2019. Ilikuta kwamba kati ya Wajerumani waliokuwa wakitumia mitandao ya kijamii ya aina hiyo kila siku, zaidi ya asilimia 95 walikuwa Facebook. Ikakuta vilevile kwamba ili uruhusiwe kuingia, ulilazimika kukubali kampuni ikusanye habari zako kutoka WhatsApp, Instagram na tovuti za watu wengine kabisa zilizokuwa na kitufe chake au kipande chake cha programu, kisha izirundike zote kwenye akaunti yako. Mamlaka ikasema: mwenye soko la kiasi hiki akimwekea mtu sharti la namna hii, ridhaa hiyo si ya hiari, na kuitumia ni kutumia vibaya nguvu ya soko.

Kampuni ilikata rufaa, na kesi ikayumba kama daladala kwenye barabara ya mashimo. Mahakama ya Düsseldorf ikausimamisha uamuzi mwaka 2019, Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Karlsruhe ikaurudisha Juni 2020, Düsseldorf ikapeleka maswali kwenye Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya kule Luxembourg. Tarehe 4 Julai 2023 jibu likaja. Mamlaka ya ushindani inaweza, inapochunguza matumizi mabaya ya nguvu ya soko, kuangalia kama sheria ya taarifa binafsi imevunjwa, mradi ishauriane na ofisi zinazosimamia sheria hiyo. Kuhusu ridhaa, mahakama haikusema kwamba kampuni kubwa haiwezi kamwe kupewa ridhaa halali. Ilisema ukubwa wake ni jambo zito la kupimwa, kwa sababu unamnyima mtu uhuru wa kukataa. Na mtu lazima aweze kukataa sehemu asiyoitaka bila kufukuzwa kwenye huduma nzima, hata ikibidi apewe huduma inayolingana nayo kwa malipo yanayofaa.

"Watu wako huku" ya shangazi, kwa lugha ya majaji, ndiyo hiyo.

Maneno hayo ya mwisho kuhusu malipo yalizaa mvutano mwingine. Novemba 2023 Meta, jina jipya la kampuni mama ya Facebook, ikawaambia watumiaji wa Ulaya wachague: wafuatiliwe kwa ajili ya matangazo, au walipe euro 9.99 kwa mwezi kwenye kompyuta na 12.99 kwenye simu. Ulaya ilikuwa na sheria mpya ya masoko ya kidijitali, ambayo chini yake Kamisheni huzitaja kampuni kubwa kwa jina, nayo inazikataza kuunganisha taarifa za mtu kutoka huduma moja hadi nyingine bila ridhaa ya kweli. Aprili 2025 Kamisheni ikaitoza Meta euro milioni 200, ikisema uchaguzi ule haukuwa uchaguzi. Sheria hiyo hiyo inaitaka WhatsApp ifungue mlango ili mtu wa programu nyingine aweze kumwandikia mtu wa WhatsApp. Kwa hiyo Mswahili anayeishi Hamburg ana vitufe kwenye simu yake ambavyo ndugu yake wa Mombasa hana. Programu ni ile ile, kampuni ni ile ile. Tofauti ni sheria ya mahali anapolala.

Nigeria iliitazama tofauti hiyo ikakataa kuimeza. Tume yake ya ushindani na ulinzi wa mlaji, chini ya sheria ya mwaka 2018 inayoyaweka mambo hayo mawili chini ya paa moja, iliichunguza sera ya WhatsApp ya 2021 kwa miezi 38, ikishirikiana na ofisi ya ulinzi wa taarifa. Julai 2024 ikatoa uamuzi: Wanigeria walinyimwa udhibiti wa taarifa zao, walitendewa tofauti na watu wa nchi nyingine zenye sheria zinazofanana, na walilazimishwa kukubali masharti na kampuni iliyotawala soko. Faini ilikuwa dola milioni 220. Kampuni ilipinga. Aprili 2025 baraza la rufaa la ushindani likauthibitisha uamuzi. Katika malumbano yaliyokuwa yakiendelea, kampuni ilidokeza mahakamani kwamba huenda ikalazimika kuiondoa Facebook na Instagram nchini humo. Hazikuondoka. India nayo, Novemba 2024, iliitoza Meta rupia bilioni 2.13 kwa sera hiyo hiyo ya 2021. Nayataja haya kwa sababu kila nikizungumza habari hizi kuna mtu husema kampuni za namna hiyo ni kubwa mno kwa nchi zetu. Lagos na Abuja ziko Afrika.

Lakini nisikudanganye kwamba ushindani peke yake unaleta faragha. Ushahidi wa kinyume tunao hapa hapa. Programu za mikopo ya simu zilipovamia Kenya na Tanzania hazikuwa moja wala mbili. Zilikuwa nyingi, zinashindana, ukikataliwa huku unapewa kule. Zilishindana kwa kitu gani? Kwa kuchimba. Unapopakua, inaomba kuona majina yaliyo kwenye simu yako. Ukichelewa kulipa siku mbili, bosi wako, mchungaji wako na mama mkwe wanapigiwa simu. Watu wakaziita kausha damu, na jina likakaa. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliitoza kampuni ya Mulla Pride, iliyokuwa na programu za KeCredit na Faircash, shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu zilizopatikana kwa njia hiyo kuwatumia ujumbe wa vitisho. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Soko lenye wauzaji mia wote wakiwa na mchezo mmoja halikulindi. Hapo inahitajika sheria ya faragha yenye meno.

Na kuna upande wa tatu, pale faragha inapotumiwa kama ukuta. Aprili 2021 Apple iliweka kwenye simu zake dirisha linalokuuliza kama unaruhusu programu ikufuatilie kwenye programu na tovuti nyingine. Ni jambo jema, na wengi wetu tulibonyeza kukataa kwa moyo mweupe. Lakini mamlaka ya ushindani ya Ufaransa ilipochunguza ikaona kwamba dirisha lilivyotengenezwa liliwabana wachapishaji wadogo kuliko ilivyohitajika, huku sheria za mwenye nyumba kwa wengine zikiwa si zile alizojiwekea. Machi 2025 ikatoza faini ya euro milioni 150, ikieleza kwamba lengo halina ubaya, ubaya uko katika utekelezaji. Kule Marekani mambo yaligeuka upande mwingine: Jaji Amit Mehta alikuwa ameamua Agosti 2024 kwamba Google ilihodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria, na Septemba 2025 akaiagiza iwape baadhi ya washindani sehemu ya taarifa zake za utafutaji. Ushindani unapona, lakini taarifa hizo zimetokana na watu walioandika maradhi yao na hofu zao kwenye kisanduku kile. Ndiyo maana agizo lilibeba masharti ya kulinda faragha. Kwa hiyo ukisikia kampuni inasema, "Tunafanya hivi kulinda siri zako," uliza nani mwingine anafungiwa nje. Na ukisikia serikali inasema, "Tunafungua soko," uliza taarifa za nani zinapita mlangoni.

Sasa tuje kwako na simu yako.

Anza kwa kujua unalipa nini. Kwenye WhatsApp fungua mipangilio, kisha akaunti, utakuta sehemu ya kuomba taarifa za akaunti. Omba. Inachukua siku tatu hivi. Yangu niliipata jioni ya siku ya tatu, nikaifungua nikiwa nimesimama jikoni chai ikichemka, na chai ikafurika. Hakuna ujumbe hata mmoja humo. Kuna namba yangu, aina ya simu, anwani za intaneti, majina ya makundi yote, na mstari baada ya mstari wa namba za watu: fundi cherehani, daktari wa watoto, mwenye nyumba niliyehama kwake zamani. Kusoma orodha hiyo mara moja kunafundisha kuliko sera ya kurasa ishirini. Facebook, Instagram na Google zina huduma kama hiyo, na kwa Google unaweza pia kuchukua nakala ya vitu vyako na kuondoka navyo.

Kisha pitia ruhusa. Kwenye mipangilio ya simu yenyewe, si ya programu, kuna orodha ya programu zinazoruhusiwa kuona majina, mahali ulipo, maikrofoni na picha. Programu ya tochi haihitaji majina ya ndugu zako. Ya mkopo haiyahitaji pia, na kama inakataa kukukopesha bila kuyaona, umeshajua biashara yake.

Jiulize swali la shangazi kwa kila huduma unayoitegemea: nikitaka kuondoka kesho, nitaacha nini? Mwaka 2017 Tanzania ilianza kuruhusu kuhama mtandao wa simu bila kubadili namba, Kenya ikiwa imetangulia mwaka 2011. Kabla ya hapo watu walivumilia huduma mbovu kwa sababu namba ilikuwa imeandikwa kwenye mlango wa duka na kwenye kadi za mwaliko. Namba ilikuwa mateka. Sheria ikasema namba ni yako, nenda nayo. Kwenye programu za mtandao tunachohitaji ni kitu cha aina ile ile, na mbegu yake ipo: sheria ya Kenya ya 2019 inampa mtu haki ya kupata taarifa zake kwa muundo unaosomeka na kompyuta na kuzipeleka kwa mtoa huduma mwingine. Haki hii haitumiki kwa sababu hatuiombi. Iombe kwa maandishi.

Ukionewa, andikia kampuni kwanza. Sema kwa ufupi ni taarifa gani imetumiwa, lini, na unataka nini: ifutwe, irekebishwe, isitumike tena kwa matangazo, au upewe nakala. Piga picha za skrini kabla hujafuta chochote, tarehe ikionekana. Weka nakala ya barua pepe, na kama umepiga simu andika saa na jina la aliyekujibu. Ushahidi uliotunzwa siku ile ile una uzito kuliko kumbukumbu ya baada ya mwezi.

Wasipojibu, au wakijibu ovyo, milango iko miwili na unaweza kubisha yote. Mlango wa faragha: kwa Tanzania ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoundwa chini ya sheria ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Kila anayekusanya taarifa za watu anatakiwa awe amesajiliwa nayo, kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza anayedai nakala ya kitambulisho chako ni kama amesajiliwa. Kwa Kenya ni Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Huko malalamiko yanapokelewa kwa mdomo au kwa maandishi, na sheria inataka yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Uganda ina sheria yake ya 2019 na Rwanda ya 2021. Nyuma ya zote ziko katiba: ibara ya 16 ya Tanzania na ya 31 ya Kenya zinaitambua faragha kama haki yako.

Mlango wa ushindani: Tanzania Bara ni Tume ya Ushindani chini ya sheria ya 2003, Zanzibar ina tume yake ya ushindani halali wa biashara, na Kenya ni Mamlaka ya Ushindani chini ya sheria ya 2010. Huku usiende kusema, "Wamechukua namba yangu." Utaambiwa umekosea ofisi. Sema kinachowahusu: huduma hii ina soko lote au karibu lote, imebadilisha masharti, haikutoa nafasi ya kukataa sehemu, na sisi tunaoitumia kwa biashara hatuwezi kuhama kwa sababu wateja wetu wako humo. Mkiandika kama kikundi, kikoba au chama cha wafanyabiashara wa soko, barua inabeba zaidi, maana ushindani unapimwa kwa soko na si kwa mtu mmoja. Tuma nakala ya barua hiyo kwenye ofisi ya faragha, na useme wazi kwamba umeituma kote kuwili. Zikiona malalamiko yale yale mezani, zina sababu ya kupigiana simu.

Kuna mlango mwingine juu ya hiyo, ambao ni wachache wanaoujua. Kampuni zinapoungana kuvuka mipaka, maombi hupita kwenye vyombo vya kikanda. Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimo katika COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, yenye tume ya ushindani kule Lilongwe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina mamlaka yake mjini Arusha, iliyoanza kupokea maombi ya miungano Novemba 2025. Hapo ndipo makosa ya 2014 yanaweza kuzuiliwa kabla hayajatokea. Kampuni ya malipo ikinunua ya mikopo, au ya usafiri ikinunua ya chakula, waandishi, wanasheria na vyama vya walaji waulize mapema: taarifa za wateja wa hii zitafanywa nini na ile? Ahadi iandikwe kwenye idhini, na iwe na adhabu.

Shangazi nilimsomea nusu ya haya kwenye simu kabla sijaandika. Hakuandika barua kwa mtu yeyote, bado. Alichofanya ni kuita kikao. Wajumbe watano wa kamati sasa wako Signal kwa mambo ya fedha, na picha za vitambulisho vya wanachama wapya hazitumwi tena kwenye kundi la wote. Akina mama 19 wengine wamebaki WhatsApp kwa salamu, misiba na harusi. Michango husomwa Jumamosi kwa sauti, kutoka kwenye daftari la jalada gumu ambalo shangazi hulifungia kabatini, na ufunguo anatembea nao.